Namba ya Bibi Harusi

Mama Hesabu alidanganya kwa mara ya kwanza siku ya Jumanne, saa tano asubuhi, akiwa na akili zake timamu na penseli iliyochongwa vizuri. Hakulazimishwa na mtu. Alikaa kwenye meza ya chumba cha kamati, akafungua daftari la namba, akafuta 1140 iliyokuwa mbele ya mashua ya shemeji yake, akaandika 1190, kisha akapuliza vumbi la kifutio. Halafu akaenda kuchemsha chai. Ukimwuliza leo atakwambia chai ile ilikuwa tamu, na hilo ndilo linalomkera kuliko yote.

Kwa mtu asiyejua mashindano ya mashua za tanga, tarakimu hizo hazina maana yoyote. Acha nieleze, na nitaeleza mara moja tu.

Chama chao kilikuwa kando ya bwawa kubwa la umeme, maji yaliyojaa katikati ya vilima, baridi mwaka mzima. Kilikuwa na banda la mabati, chumba kimoja chenye ubao wa chaki na dirisha linalotazama maji, na juu yake kibaraza cha mbao ambako mwenyekiti alisimamia mbio kwa honi, bendera na kipaza sauti. Mashua zenyewe zilikuwa mchanganyiko mtupu. Daktari wa meno alikuwa na mashua ya plastiki, nyepesi, inayoruka juu ya maji kama imepakwa mafuta. Shemeji yake Mama Hesabu, fundi cherehani, alikuwa na mashua ya mbao aliyoirithi kwa mteja aliyehama, nzito, pana, yenye tanga alilolishona mwenyewe. Wenzake waliibatiza Bibi Harusi, kwa sababu ilifika watu wote wakiwa wamekwisha kukaa.

Ukiziachia mashua za namna hiyo zishindane hivi hivi, daktari atashinda kila wiki mpaka ang'oke meno yeye mwenyewe. Kwa hiyo kila mashua hupewa namba ya fidia. Mashua nzito, namba kubwa. Mbio zikiisha, muda wa kila mtu hugawanywa kwa namba yake, na mwenye namba kubwa hupunguziwa dakika. Hapo ndipo hujulikana nani kaendesha vizuri na nani kabebwa na mashua. Namba ikiwa ya haki, jedwali la msimu linapima watu, halipimi mbao na plastiki. Mama Hesabu, aliyefundisha hesabu shule ya wasichana kwa miaka thelathini na mmoja, ndiye aliyekuwa anazikokotoa. Hakuna aliyewahi kumbishia. Nani angembishia? Nusu ya wake zao aliwafundisha yeye.

Sasa tatizo. Mashua zilizokuwa kumi na nne zilikuwa zimebaki sita. Wenye mashua nzito walikuwa wamekata tamaa mmoja mmoja. Mtu hawezi kuacha shughuli zake kila Jumamosi ili akawe wa mwisho. Halafu ikaja barua kutoka mamlaka ya bwawa: chama ambacho hakiwezi kuanzisha mbio kwa mashua tano katika kila Jumamosi ya msimu kirudishe eneo la ufukwe, lina matumizi mengine. Mashua tano. Zikipungua moja, mbio hazihesabiwi.

Wiki ile ile Fundi akamwambia anataka kuiuza Bibi Harusi.

"Shemeji, nimechoka," alisema, mita ikining'inia shingoni. "Nikifika, hata aliyeshika honi amekwenda kujisaidia. Namaliza mbio peke yangu kama mwendawazimu."

Mama Hesabu akapiga hesabu zake, akaona kwamba mbio moja ya saa moja na nusu na ushee, kwa 1190 badala ya 1140, inampa Fundi dakika tatu na nusu za bure. Zingetosha kumtoa mkiani. Hakumwambia mtu. Alijisemea kwamba anaokoa chama, na kwa kweli alikuwa anakiokoa. Pia alitaka kumwona shemeji yake akicheka, maana alikuwa mtu mpole, mume mwema kwa mdogo wake, na watu wapole hawashindi vitu vingi.

Ikawa kama alivyotaka. Fundi akatoka wa tano akawa wa tatu. Wiki mbili baadaye akawa wa tatu tena. Kisha, siku moja ya upepo mwanana, jina lake likasomwa la pili, na banda zima likapiga makofi. Kichwa kikamvimba kidogo, si sana. Alianza kuvaa kofia yenye kamba ya kidevuni na kutumia maneno kama "pembe ya upepo" mbele ya wateja waliofuata suruali zao. Kufikia mwisho wa msimu, kwenye jedwali la jumla, Fundi alikuwa wa pili nyuma ya daktari. Hakuna aliyetaka tena kusikia habari ya kuuza mashua.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo Mama Hesabu alikuwa haijali sana, kwa sababu haikuwa ya hesabu. Iliandikwa miaka mingi nyuma, baada ya siku mbaya ambapo watu wawili walivunjika mikono. Ilisema hivi: upepo ukivuka alama nyekundu kwenye kipimo cha paa, mwenyekiti atawaita ufukweni walio nusu ya chini ya jedwali. Walio nusu ya juu wataendelea, kwa kuwa jedwali limekwisha kuonyesha kwamba wanajua kazi. Ilikuwa kanuni nzuri. Iliondoa aibu na ubishi, maana mtu hakuitwa kwa kuonewa huruma, aliitwa kwa kanuni.

Jumamosi ya mwisho ya msimu kulikucha na upepo. Mama Hesabu alifika bandani saa nne, akakuta dereva mstaafu, mmoja wa wale sita, amepiga simu kwamba mgongo umemkamata, hatoki kitandani. Wamebaki watano. Na mmoja wa hao watano, Fundi, hajaonekana. Alisubiri mpaka saa tano, akajifunga kitenge, akashika njia ya kwenda kwenye duka la kushonea.

Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu, cherehani mbili, meza ya kukatia, na rundo la sare za shule zinazosubiri vifungo. Fundi alikuwa amekaa kwenye cherehani ya dirishani. Mkewe, mdogo wake Mama Hesabu, alikuwa anapiga pasi kola.

"Najua ulichofuata," Fundi akasema kabla hajasalimiwa. "Upepo wa leo si wangu, Shemeji. Sikiliza hayo mabati."

"Tuko wanne bila wewe."

"Basi muwe wanne."

"Tukiwa wanne leo tumekwisha. Jumamosi ya mwisho! Barua unaijua."

Mdogo wake akasimamisha pasi wima. "Dada, mwache. Ana sare arobaini za kumaliza, na kifua chake tangu juzi hakijakaa sawa."

Mama Hesabu hakuwa mtu wa kubembeleza, lakini siku hiyo alibembeleza. Akavuta kiti, akamkabili shemeji yake. "Nisikilize. Hata kumaliza huhitaji. Utavuka mstari wa kuanzia, utahesabiwa. Upepo ukizidi mtaitwa, kanuni si unaijua? Utarudi hapa kabla chai haijapoa."

"Ataitwa kweli?" mdogo wake akauliza.

"Ataitwa. Nakuahidi mimi."

"Mimi siwezi kuitwa, bwana, mimi ni wa pili," Fundi akasema huku akiinuka na kupapasa ukutani kutafuta kofia yake, na wote watatu wakacheka, kwa sababu alilisema kwa sauti ya mtu mkubwa, kifua mbele. Mama Hesabu naye alicheka. Sikio lake lilisikia maneno yale yote, neno kwa neno, na akili yake haikuyashika. Mwalimu wa hesabu, miaka thelathini na mmoja.

Mashua tano zikavuka mstari saa nane kamili mchana. Mwenyekiti, fundi bomba mstaafu mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akapiga honi na kumpiga Mama Hesabu begani. "Tano! Umetuokoa, mama." Mama Hesabu akabonyeza saa ya kupimia, akaandika majina kwenye karatasi. Daktari mbele, mapacha wanaouza vipuri, wawili katika mashua moja, nyuma yake, kisha wawili wengine, na Bibi Harusi ikijikokota nyuma na tanga lake la viraka.

Mzunguko wa kwanza ukaisha salama. Wa pili ulipoanza, vilima vya upande wa pili vikabadilika rangi, maji yakaanza kuota meno meupe, na sindano ya kipimo ikapanda, ikashuka, ikapanda tena na kukaa juu ya alama nyekundu.

"Haya, tuwaite," Mwenyekiti akasema. Akachukua jedwali kutoka kwenye msumari wake, akavaa miwani, akashuka na kidole. "Watano. Watatu wa juu wanaendelea: daktari, Fundi, mapacha. Wawili wa chini ndani." Akainua kipaza sauti, akaita majina mawili. Hakuita la tatu. Bendera ya njano ikapanda.

Mama Hesabu aliliona jambo lote kwa mpigo mmoja, kama vile zamani alivyoliona kosa la mwanafunzi kutoka mlangoni kabla hajaifikia meza. Fundi wa kweli, Fundi wa 1140, alikuwa wa mwisho kati ya watano. Fundi wa kweli jina lake lingekuwa limeitwa la kwanza. Yule aliyekuwa wa pili hakuwahi kuwapo. Alikuwa ni penseli yake.

"Mwite na Fundi," akasema.

"Fundi ni wa pili, mama."

"Mwite tu. Ni mtu mzima."

"Kwani mimi ni kijana?" Mwenyekiti akacheka, darubini machoni. "Nikimwita mtu wa juu nje ya kanuni, daktari atakata rufaa jioni hii hii, unamjua alivyo. Mbio zitafutwa. Halafu tunarudi kule kule, hatuna tano." Akashusha darubini, akamtazama vizuri, kwa sababu hakuwa mjinga. "Kwani kuna kitu unakijua mimi sikijui?"

Hapo palihitajika sentensi moja. Namba yake si ya kweli. Sentensi ya maneno matano, na mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuitamka. Mama Hesabu alifungua mdomo. Aliona ubao wa chaki, aliona msimu mzima ukifutwa, barua ya mamlaka, wake za watu aliowafundisha wakimnong'ona sokoni, na aliona uso wa Fundi siku atakayoambiwa kwamba makofi yale hayakuwa yake.

"Hapana," akasema.

Akajipa dakika tano. Akizunguka boya la mbali, lile la kugeukia, nitasema, alijiambia, kwani kurudi ni upepo wa nyuma, hakuna hatari. Akachukua darubini mikononi mwa Mwenyekiti. Bibi Harusi ilikuwa inakwenda, lazima tuseme ukweli, ilikuwa inakwenda kwa heshima. Fundi alikuwa amekaa ukingoni, mwili nje, kofia imebanwa na kamba chini ya kidevu, na kwa umbali ule alionekana kijana. Daktari alipita boya. Mapacha wakapita. Boti ya uokoaji, moja tu waliyokuwa nayo, ilikuwa upande wa huku, inawasindikiza wale wawili walioitwa, kama kanuni inavyotaka.

Bibi Harusi ikafika kwenye boya. Ikageuka. Tanga likaruka kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili kwa kishindo ambacho hawakukisikia, na mashua ikalala, ikaendelea kulala, mpaka mlingoti ukaingia majini na tumbo lake la mbao likageukia juu.

"Kapinduka," Mwenyekiti akasema. "Si kitu, atatokea. Atatokea sasa hivi." Alikuwa tayari anapiga honi, anapiga bila kukoma, na kwenye boti ya uokoaji watu wakageuza vichwa, wakatazama upande usio wenyewe, kisha upande wenyewe.

Hakutokea. Mama Hesabu hakuishusha darubini. Aliona boti ikikata maji, aliona jinsi ilivyo mbali, na saa ya kupimia ilikuwa bado inatembea mkononi mwake, kwa hiyo anajua, na hataacha kujua, kwamba tangu mlingoti uingie majini mpaka walipomtoa zilikuwa dakika kumi na moja na sekunde ishirini. Kamba ya tanga ilikuwa imemzunguka mguu. Tanga lilikuwa juu yake, limetandazwa vizuri, limeshonwa mshono mara mbili ili lisichanike.

Walimlaza kwenye saruji mbele ya banda. Daktari wa meno, ambaye hakuna aliyemjua kwa huruma, alipiga magoti na kumkanda kifua nusu saa nzima, akilia kwa sauti, mpaka wakamwondoa.

Mdogo wake Mama Hesabu alikuja bado ana uzi begani. Watu wakampisha. Hakupiga kelele. Aliinama, akaifungua ile kamba ya kofia chini ya kidevu cha mumewe, akaivua kofia, kisha akainua macho na kumtafuta dada yake kati ya watu.

"Ulisema ataitwa."

Mwenyekiti ndiye aliyejibu, masikini, akidhani anasaidia. "Mama, walioitwa ni wa chini. Mumeo alikuwa wa pili. Hatukumwita kwa sababu alikuwa anaweza. Ni boya tu lile, ni bahati mbaya, lingeweza kumpata yeyote."

Mdogo wake alilipokea jibu lile. Ulimwona akilipokea, akilishika kwa mikono miwili. "Alikuwa anaweza," akasema taratibu.

Basi hilo likawa ndilo neno la msiba. Kila aliyeingia kutoa pole alilisikia. Hakuitwa kwa sababu alikuwa anaweza. Mjane alilisema kwa wakwe, kwa wateja, kwa wazazi waliokuja kwa aibu kuulizia sare. Alipolisema mgongo wake ulinyooka. Na Mama Hesabu, aliyekuwa anaosha vikombe na kupanga viti, alilisikia mara mia na kila mara lilimchoma pale pale.

Afisa wa mamlaka ya bwawa alikuja siku ya nne na faili. Aliuliza maswali machache katika chumba cha kamati. Upepo ulivuka alama? Ulivuka. Kanuni ilifuatwa? Mwenyekiti akamwonyesha kanuni ukutani, kisha jedwali. Afisa akasoma jina la pili, akaandika. "Namba hizi nani anazikokotoa?"

"Mimi," Mama Hesabu akasema.

"Ziko sawa?"

"Mama huyu hajawahi kukosea," Mwenyekiti akaingilia. Afisa akaitikia kwa kichwa, akafunga faili, akawapa mikono. Mbio zilihesabiwa. Ufukwe ukabaki wao.

Mama Hesabu alivumilia wiki tatu. Alikuwa hapati usingizi, na akila chakula hakishuki. Mtu aliyezoea kusahihisha makosa ya wengine kwa wino mwekundu hajui aliweke wapi la kwake. Asubuhi moja akapiga moyo konde, akaenda kwenye duka la kushonea.

Mdogo wake alikuwa peke yake, anatia vifungo kwenye zile sare za mwisho. Alikuwa amekonda. Akamsogezea dada yake kiti kwa mguu bila kuacha sindano.

"Nina neno," Mama Hesabu akasema, na akalisema lote. Hakujitetea. Alieleza namba ya kwanza na namba ya pili, barua, dakika tatu na nusu, jinsi jedwali lilivyopanda. Akaeleza kibarazani, swali la Mwenyekiti, na jibu lake. Alieleza kama ubaoni, hatua kwa hatua, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kueleza.

Mdogo wake alikata uzi kwa meno. Akakiweka kifungo chini.

"Kwa hiyo hakuwa wa pili."

"Hapana."

"Hata siku ile ya makofi?"

"Hata siku ile. Alikuwa wa tano. Kila mara alikuwa wa nne au wa tano."

"Siku ile," mdogo wake akasema, "aliingia hapa akafunga mlango wa duka, mchana, wateja wako nje. Akanishika kiuno akanichezesha, hapa, katikati ya vitambaa. Miaka ishirini na sita nimeolewa na yule mtu, hajawahi kucheza. Hata harusini alikataa. Nilikuwa naishi na siku ile, Dada. Nikiamka naikuta. Nasema, sawa, amekwenda, lakini amekwenda akiwa mtu anayeweza."

"Nisamehe."

"Sijafika huko." Sasa machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Ungenificha. Ulishaficha miezi, ulimficha afisa, ulimficha yeye mwenyewe mpaka maji yakamchukua. Ukashindwa kunificha mimi?"

"Nilitaka ujue ukweli."

"Ulitaka kutua mzigo. Haya, umeutua. Tazama ulipoutua." Akapiga kifua chake kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu. "Ulimuua mara moja, nikazika. Leo umeniletea nizike tena, na safari hii sina hata watu wa kunipa pole."

Mama Hesabu alikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa yanamhusu yeye mwenyewe, kwa hiyo akayameza.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Ila kesho nitamwambia Mwenyekiti. Nitakwenda kwa yule afisa pia. Waniondoe, wanifungulie kesi, sijali."

"Hutamwambia mtu." Mdogo wake aliinuka. Alikuwa mfupi kuliko dada yake, na tangu utotoni ndiye aliyeambiwa nini cha kufanya. "Watu wote wanamjua kama mtu wa pili. Hicho tu ndicho kilichobaki, na kiko vichwani mwao, si changu tena. Mimi umeninyang'anya. Wao hutawanyang'anya. Utakaa nayo, Dada. Utakaa nayo mpaka ufe, na ukinyamaza utajua umenifanyia jambo moja."

Akarudi kwenye kiti, akatunga uzi. Alikosea tundu la sindano mara tatu. Mama Hesabu alinyoosha mkono kumsaidia, kama alivyomsaidia wakiwa wadogo, na mdogo wake akageuza bega.

Mkutano wa kufunga msimu ulifanyika mwezi uliofuata, Jumapili mchana, banda limejaa hadi nje. Habari ya Fundi ilikuwa imezunguka: mtu wa mashua ya mbao, tanga la kujishonea, wa pili nyuma ya daktari. Wanaume wanne wenye mashua kuukuu walikuwa wamesimama nyuma, wageni, wamekuja kujiandikisha. Kama fundi yule aliweza, walisema, kwa nini wao wasiweze? Mwenyekiti aliwaelekeza kwa Mama Hesabu wakachukue namba. Mmoja wao, mzee mwenye mikono ya seremala, alimwuliza kama mashua nzito inaweza kweli kushinda, na Mama Hesabu akamjibu kwamba inategemea mwendeshaji, akaandika jina lake.

Kisha Mwenyekiti akasimama. Alisema kamati kwa kauli moja, na daktari akiwa wa kwanza kuridhia, imeamua ngao ya mwaka huu iende kwa familia ya marehemu, mmoja wa waendeshaji bora waliopata kutokea kwenye bwawa hili. Sauti yake ya kuamsha mtaa ilimkatika katikati. Mdogo wake Mama Hesabu aliinuka kutoka mstari wa mbele, amevaa nyeusi iliyopigwa pasi vizuri, akapokea ngao kwa mikono miwili. Watu wakasimama, wakapiga makofi mpaka mabati yakaitika.

Mama Hesabu alikuwa amekaa kwenye meza ya kamati, mikono mapajani. Haikuinuka. Aliitazama kama mikono ya mtu mwingine. Alipoinua macho alimkuta mdogo wake amegeuka, ngao kifuani, anamtazama yeye peke yake katika banda zima, uso mkavu, anasubiri.

Akapiga makofi. Wengine walipochoka na kuanza kukaa, yeye alikuwa bado anapiga, kwa sababu mdogo wake alikuwa hajaondoa macho.